Zawadi za Februari na Machi Kazini Japani: Mwongozo kwa Mfanyakazi Mgeni

Tarehe 14 Februari, katika ofisi nyingi za Japani, wanawake ndio wanaotoa chokoleti na wanaume ndio wanaopokea. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Machi, mwanamume aliyepokea anatarajiwa kurudisha. Mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki, aliyezoea kuona mwanamume akibeba maua ya waridi Siku ya Wapendanao, anaweza kuiona desturi hii kuwa kinyume tu cha ile ya kwao, akaishia hapo. Kuishia hapo ni hatari kikazi. Chokoleti ileile inaweza kuwa salamu ya kikazi, asante ya urafiki au tamko la mapenzi. Asiyeweza kupambanua atamvunjia mwenzake heshima kwa kutorudisha, au atamweka mahali pabaya kwa kurudisha kupita kiasi.

Mwongozo huu umekusudiwa wafanyakazi na wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazi nchini Japani, pamoja na wanaofanya kazi chini ya waajiri Wajapani kwingineko. Tangu mpango wa ufadhili wa ABE Initiative ulipotangazwa katika mkutano wa tano wa TICAD, unaohusu maendeleo ya Afrika, mjini Yokohama mwaka 2013, vijana wa Kiafrika wamekuwa wakienda kusomea shahada za uzamili katika vyuo vikuu vya Japani na kupata mafunzo katika kampuni za huko. Wengi hufika wakiwa wamefundishwa namna ya kuinama, kupokea kadi ya jina na kuheshimu muda. Februari huwakuta hawajaandaliwa.

Msimamo unaoongoza kurasa hizi ni mmoja. Anayeingia katika desturi hii kwa hiari yake anapaswa kuitekeleza kwa usahihi, kwa kipimo na kwa wakati. Lakini hakuna mfanyakazi, mwenyeji wala mgeni, anayepaswa kuingizwa kwa shinikizo.

Desturi iliyoanzia dukani

Si vema kuichukulia Siku ya Wapendanao ya Japani kama mila ya mababu. Kampuni ya Morozoff ya mjini Kobe ilitangaza chokoleti za Februari 14 katika gazeti la Kiingereza lililosomwa na wageni mwaka 1936. Mwaka 1958, kampuni ya Mary Chocolate ilifungua meza ya mauzo ya siku hiyo katika duka kuu la Isetan, Shinjuku, Tokyo, na wanunuzi walikuwa wachache mno. Desturi ilishika mizizi katika miaka ya 1970, na kufikia hapo wazo la kwamba mwanamke ndiye mtoaji lilikuwa limekwisha kukubalika. Kwa wanawake wengi wa wakati ule, ambao hawakutarajiwa kuwa wa kwanza kutamka mapenzi, siku hiyo moja iliwapa ruhusa ambayo siku nyingine hazikuwapa.

Machi 14, inayoitwa Siku Nyeupe, ni changa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wa vitamutamu wa Ishimura Manseido, mjini Fukuoka, walianza kuwahimiza wanaume kurudisha shukrani kwa mashimelo. Chama cha kitaifa cha watengenezaji wa peremende kikaikuza tarehe hiyo nchi nzima kuanzia mwaka 1980. Kutoka hapo ilivuka hadi Korea Kusini na Taiwan.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja kwa mfanyakazi. Jambo lililoanzishwa na wafanyabiashara katika umri wa watu walio hai linaweza kubadilishwa, na kweli linabadilika. Kwa hiyo mgeni asikubali kuambiwa kwamba kukataa kushiriki ni kuidharau mila ya kale ya taifa. Hata hivyo, biashara isingefanikiwa hivyo kama isingekuta udongo ulio tayari. Wajapani walikuwa tayari na misimu miwili mikubwa ya zawadi za shukrani, ochugen katikati ya mwaka na oseibo mwezi Desemba, na walikuwa na kanuni imara kwamba zawadi hurudishiwa zawadi, tena kwa kiasi kinachojulikana. Katika harusi na misiba, familia nyingi hurudisha kitu chenye thamani ya karibu nusu ya walichopewa, na orodha ya waliotoa hutunzwa. Aliyewahi kushika daftari la michango ya harusi Dar es Salaam au Mombasa ataelewa mara moja: jina huandikwa, kiasi huandikwa, na siku ya mwenzako ikifika unajua unachopaswa kufanya. Siku Nyeupe ilijengwa juu ya msingi huo, ila yenyewe imepangiwa tarehe.

Kupambanua aina za chokoleti

Wajapani wenyewe hutofautisha kwa majina. Giri-choko ni chokoleti ya wajibu, inayotolewa kwa wakubwa, wafanyakazi wenza na wateja kama shukrani ya kikazi. Honmei-choko hutolewa kwa mtu mmoja tu, yule anayependwa. Tomo-choko hupita baina ya marafiki, hasa wasichana na wanawake kwa wao. Jibun-choko mtu hujinunulia mwenyewe, na soko lake ni kubwa. Duka la Isetan limekuwa likiandaa maonyesho ya Salon du Chocolat mjini Tokyo tangu mwaka 2003, na wengi wanaopanga foleni pale hununua chokoleti wanazokusudia kula wenyewe. Ipo pia gyaku-choko, ambayo mwanamume humpa mwanamke Februari 14. Kampuni ya Morinaga iliipigia debe mwaka 2009, lakini haijawahi kufikia uzito wa zile nyingine.

Kwa mfanyakazi, kazi kubwa ni kutenganisha mbili za kwanza. Bei pekee haitoshi, kwa kuwa giri-choko kwa mteja muhimu inaweza kugharimu zaidi ya honmei-choko ya kijana mwenye mshahara mdogo. Yafaa kutazama mambo mengine. Zawadi ya wajibu hutolewa hadharani, mara nyingi asubuhi au wakati wa mapumziko, na wengine wa idara ileile hupata kitu kilekile au kinachofanana nacho. Mara nyingi hutolewa na kundi: wanawake wa idara huchangishana na mmoja wao huzungusha sanduku. Maneno yanayoandamana nayo ni ya kawaida, ya kushukuru kwa ushirikiano wa mwaka. Zawadi ya moyo hutolewa faraghani, kwa mtu mmoja, mara nyingi ikiwa na barua au kadi iliyoandikwa kwa mkono, na ikiwa imetengenezwa nyumbani basi ishara inakuwa nzito zaidi. Hata hivyo, isichukuliwe kuwa hakika, maana wapo wanaopika biskuti za ofisi nzima.

Pale ambapo dalili hazijakamilika, tafsiri salama kazini ni ya wajibu. Mwanamume aliyepewa sanduku dogo na mwenzake wa kazi hana haki ya kudhani kwamba amependwa, sembuse kuwasimulia wengine hivyo. Kosa la kudhani ni kubwa kuliko kosa la kutotambua, kwa sababu aliyetaka kueleweka bado ana nafasi ya kusema waziwazi, na Wajapani wana desturi ya tamko rasmi la mapenzi, kokuhaku, ambalo kwa kawaida ndilo linalofungua uhusiano. Aliyetoa asante ya kawaida akakuta imegeuzwa kuwa uvumi wa ofisi hana njia rahisi ya kujisafisha.

Tahadhari hii inawahusu pia waliopo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, katika ofisi ambazo baadhi ya wafanyakazi ni Wajapani. Mwenzao wa Kijapani akigawa chokoleti kwa wanaume Februari 14, huyo anatekeleza adabu ya kwao. Zawadi ipokewe kwa shukrani, na mambo yaishie hapo hadi Machi.

Kupokea na kurudisha

Zawadi hupokelewa kwa mikono miwili, kwa kuinama kidogo na kushukuru. Haifunguliwi mbele ya mtoaji isipokuwa yeye mwenyewe ameomba, na wala hailiwi hapohapo. Siku hiyohiyo, au kesho yake kazini, shukrani hurudiwa kwa maneno mafupi. Aliyepokea kutoka kwa watu kadhaa aandike majina. Kundi lililochangishana huhesabiwa kuwa mtoaji mmoja, na kinachorudishwa ni sanduku moja la kugawana, lenye vipande vinavyotosha kila mmoja na vilivyofungwa kimoja kimoja, kwa kuwa ndivyo vinavyogawanyika ofisini bila usumbufu.

Kuhusu kiasi, mgeni atasikia usemi kwamba mwanamume hurudisha mara tatu ya alichopewa. Usemi huo ulipata nguvu katika miaka ya neema ya uchumi na haupaswi kuchukuliwa kama kanuni ya leo. Kwa chokoleti ya wajibu, thamani iliyo sawa na ile iliyopokelewa, au iliyozidi kidogo, inatosha na inaeleweka. Kurudisha mkufu kwa aliyetoa chokoleti ya yeni mia kadhaa ni kumtwisha mzigo mpya ambao hakuuomba. Atalazimika kujiuliza kinachotakiwa kwake, na huenda akaanza kukwepa hata mazungumzo ya kazi. Ukarimu usio na kipimo, ambao kwetu husifiwa, hapa huhesabiwa kama kumkosea mwenzako, na mgeni anayetaka kuaminika anapaswa kuuzuia mkono wake.

Wakati nao una kanuni yake. Marejesho ni Machi 14 au karibu sana na hapo. Tarehe hiyo ikiangukia Jumamosi au Jumapili, hutolewa Ijumaa inayotangulia au Jumatatu inayofuata. Aliye safarini kikazi hutoa kabla ya kuondoka. Aliyesahau kabisa asinyamaze. Atoe siku aliyokumbuka, aombe radhi kwa sentensi moja, bila hadithi ndefu.

Vitu vinavyofaa Machi ni biskuti, peremende, keki ndogo, chai nzuri au chokoleti pia. Kuna imani iliyoenea, hasa miongoni mwa vijana, kwamba kila kitamutamu kina ujumbe wake: peremende ni upendo, biskuti ni urafiki, na mashimelo ni kukataa. Ni jambo la ajabu, ukikumbuka kwamba siku yenyewe ilianza na mashimelo, na wazee wengi hawaitilii maanani. Lakini kwa kuwa hakuna gharama ya kuikwepa, biskuti ndizo chaguo tulivu zaidi kazini.

Ununuzi hufanyika kwa urahisi katika ghorofa ya chini ya ardhi ya maduka makuu, ambako vyakula na vitamutamu vya zawadi huuzwa na kufungwa kwa ustadi bila malipo ya ziada. Wakati wa kukabidhi, zawadi hutolewa kwanza kutoka ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani, ikageuzwa upande wa mbele umwelekee mpokeaji, kisha ikatolewa kwa mikono miwili. Mfuko unaweza kutolewa pamoja nayo ikiwa mpokeaji atauhitaji njiani.

Vipo vitu vya kuepuka. Visu na mikasi huashiria kukata uhusiano. Kitana huhusishwa na taabu na kifo, na leso nyeupe na kuagana. Viatu na soksi havipewi mkubwa, na saa au kalamu, zikitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, huonekana na wengi kama kumhimiza aongeze bidii. Maua ya krisanthemamu meupe ni ya misiba. Idadi ya vipande isiwe vinne wala tisa. Vipande vitano au vinane havina tatizo.

Mfanyakazi anayetaka kutoa kitu cha kwao anayo nafasi nzuri. Kahawa ya Tanzania inajulikana sana Japani kwa jina la Kilimanjaro. Kanuni za soko la huko zinaruhusu jina hilo kwa kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko unaobeba jina hilo hutakiwa kuwa na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Pakiti ndogo ya kahawa, ikiwa na kadi fupi inayoeleza ilikotoka, ni zawadi ya Machi inayokumbukwa bila kumlemea mtu. Waridi za Kenya nazo huuzwa Japani, lakini ua kwa mwenzako wa kazi lina sauti ya mapenzi. Libaki kwa mchumba.

Chakula, dini na afya

Hapa Waislamu wa pwani, na wengine wenye masharti ya chakula, wanahitaji uangalifu ambao miongozo mingi huuruka. Chokoleti nyingi za kifahari za Kijapani zimetiwa pombe kali, na katika majira ya baridi zile zenye wiski au brandi hupendwa hasa. Mashimelo hutengenezwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Sheria ya Japani inataka viungo viandikwe kwenye kifungashio, pamoja na vyakula vinavyojulikana kusababisha mzio. Maandishi huwa ya Kijapani pekee kwa kawaida, kwa hiyo mfanyakazi ajifunze mapema kuyatambua maneno ya pombe, jelatini, karanga na maziwa. Dakika chache za kujifunza huokoa fadhaa ya miaka.

Tarehe nazo zimekuwa zikikutana. Katika miaka ya 2024, 2025 na 2026, Machi 14 iliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka 2027 inatarajiwa kuwa zamu ya Februari 14. Kwa bahati njema, adabu ya Kijapani ya kutokula zawadi mbele ya mtoaji inamlinda aliyefunga. Anapokea, anashukuru, anaweka mkobani. Hakuna haja ya maelezo marefu wala ya kukataa. Akibanwa aonje hapohapo, aseme tu kwamba amefunga na kwamba atafurahia jioni.

Kwa zawadi isiyomfaa mpokeaji, si adabu kuirudisha wala kueleza kasoro yake. Aigawie familia ya mwenyeji wake, jirani au rafiki, mbali na macho ya mtoaji, na deni la kurudisha linabaki palepale. Mwaka unaofuata, mwenzake wa karibu anaweza kuambiwa mapema, kwa upole, kwamba chai inamfaa zaidi.

Pale moyo unapohusika

Aliyepewa honmei-choko ana wajibu wa kujibu, na Machi 14 ndiyo siku ya jibu. Ikiwa anakubali, marejesho huandamana na maneno ya wazi, na thamani inaweza kupanda kadiri uhusiano unavyoruhusu. Ikiwa hakubali, njia ya heshima ni kusema hivyo mapema na faraghani, kwa shukrani ya kweli, bila kusubiri mwezi mzima mtu akiishi kwa tumaini. Baadhi ya washauri wa adabu husema kutorudisha chochote ni jibu linalotosha. Kwa watu wanaokutana kila asubuhi kwenye meza za jirani, ukimya huo ni ukatili, na mwongozo huu hauupendekezi. Mpe biskuti kama unazowapa wengine, pamoja na neno la wazi, ili kazi iendelee kwa amani.

Ambapo mmoja ni msimamizi wa mwingine, kanuni inakuwa kali zaidi. Msimamizi hatoi zawadi ya moyo kwa aliye chini yake, wala hamwombi. Akipokea iliyo na dalili hiyo kutoka kwa mdogo wake, ajibu kwa marejesho ya kikazi tu. Mwenye mamlaka juu ya tathmini, mkataba au viza ya mwenzake hawezi kuwa na hakika kwamba "ndiyo" aliyoisikia ilikuwa huru. Mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, ambaye ukaaji wake nchini unategemea nafasi yake, yuko katika hali hiyo zaidi ya yeyote.

Kwa walio katika uhusiano tayari, siku kubwa zaidi ya wapenzi pengine si Februari bali mkesha wa Krismasi. Nchini Japani, Desemba 24 ni ya wawili: chakula cha jioni kilichowekewa nafasi mapema, matembezi penye mapambo ya taa, na zawadi pande zote mbili kwa thamani inayokaribiana. Familia nazo hula keki yenye malai na stroberi, na kuku wa kukaanga tangu kampeni maarufu ya KFC ya mwaka 1974. Mkutano wa ukoo mzima husubiri Mwaka Mpya. Mgeni aliyekulia mahali ambapo Krismasi ni safari ya kwenda kwa wazazi anaweza kumwumiza mwenzi wake bila kujua, kwa kuutumia mkesha huo na rafiki za kwao. Akumbuke pia kwamba Desemba 24 na 25 si sikukuu za umma. Ni siku za kazi, na ruhusa ya kutoka mapema huombwa wiki kadhaa kabla, kwa utaratibu, baada ya kazi ya mwisho wa mwaka kupangwa.

Haki ya kutoshiriki

Februari 1, 2018, kampuni ya chokoleti ya Godiva ilichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la Nihon Keizai Shimbun likiitaka Japani iache giri-choko. Tangazo lilieleza kwamba wapo wanawake wanaoichukia siku hiyo, na wanaoona nafuu inapoangukia mwishoni mwa wiki, kisha likawaomba wanaume, hasa wakuu wa kampuni, wawaambie wanawake wasijilazimishe. Watengenezaji wa Black Thunder, chokoleti ya bei ndogo iliyojijengea jina kwa zawadi hizohizo za wajibu, walijibu kwamba kila mtu ana mtazamo wake. Godiva nayo ina maslahi yake, na chokoleti ya bei yake hununuliwa zaidi kwa ajili ya mpenzi kuliko kwa ajili ya ofisi nzima. Hata hivyo, ilichosema kuhusu mzigo wa wanawake ni kweli, na kampuni kadhaa za Kijapani zimekwisha kupiga marufuku ubadilishanaji huo kazini.

Mzigo huo una sura mbili. Mfanyakazi wa kike hulipa fedha na muda wake, na wakati mwingine huhesabiwa kuwa asiye na adabu akikosa kutoa. Mfanyakazi wa kiume hulipa mwezi Machi, na anaweza kudhalilishwa hadharani kwa kuhesabiwa chokoleti alizopata. Yote mawili yanaweza kuvuka mpaka wa sheria. Sheria ya Fursa Sawa za Ajira, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2007, inamtaka mwajiri achukue hatua dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, na inamlinda mwanamume kama inavyomlinda mwanamke. Marekebisho ya mwaka 2019 katika sheria ya sera za kazi yaliongeza wajibu wa kuzuia unyanyasaji wa kimamlaka, kwanza kwa kampuni kubwa kuanzia Juni 2020, kisha kwa ndogo na za kati kuanzia Aprili 2022. Kumwambia mfanyakazi wa chini kwamba asipotoa atakumbukwa wakati wa tathmini si utani wa msimu.

Asiyetaka kushiriki na aseme hivyo mapema, kabla ya mchango kuanza kukusanywa, kwa sababu fupi isiyomlaumu yeyote. Kwa mfano, aseme kwamba kwao hakuna desturi hiyo na kwamba atapenda kutoa shukrani zake mwisho wa mwaka. Akishinikizwa, aandike tarehe, maneno na mashahidi, kisha apeleke suala kwenye dawati la ushauri la kampuni. Likikwama hapo, ofisi za kazi za kila mkoa zina madawati ya ushauri yasiyotoza ada, na mgeni ana haki ya kuyatumia sawa na mwenyeji. Wanafunzi walio kwenye mipango ya ufadhili wamhusishe pia mratibu wao, kwa maandishi.

Mpaka wa mwisho ni ule wa utumishi wa umma. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma wa Taifa, iliyopitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Aprili 2000, inawazuia watumishi wa serikali kuu ya Japani kupokea zawadi kutoka kwa wenye maslahi katika kazi zao, na inawataka wenye vyeo kuanzia ngazi fulani watoe taarifa ya zawadi kutoka kwa wafanyabiashara zinazozidi yeni 5,000. Sanduku la chokoleti kwa ofisa anayeshughulikia kibali, zabuni au ruzuku ya kampuni yako lisitolewe kabisa, hata likiwa dogo na hata ikiwa Februari. Mfanyakazi wa Kiafrika anayetumwa kuwakilisha serikali yake au shirika la umma asome pia kanuni za nchi yake kabla ya kupokea, kwa sababu udogo wa zawadi hauondoi wajibu wa kuitaja pale kanuni inapotaka itajwe.

Wito mkubwa unabaki kwa wasimamizi, Wajapani na Waafrika. Idara isiachiwe ibahatishe. Mwezi Januari, kabla maduka hayajajaza meza, mkuu wa idara atoe tangazo fupi linaloeleza kama zawadi za Februari na Machi zinaruhusiwa, kwamba hakuna anayelazimika, kiwango cha juu cha bei ni kipi, na wageni wapya wamuulize nani wakiwa na swali. Atakayetangaza hivyo awe wa kwanza kulifuata.